Nidhamu ya shule ya kata: anzeni na kipindi kisicho na mwalimu

Mkuu mpya akiripoti kwenye sekondari ya kata iliyochoka, kitu cha kwanza anachotajiwa ni majina ya wanafunzi. Fulani ni mtoro sugu, fulani anavuta bangi nyuma ya maabara, Kidato cha Tatu B wameshindikana kabisa. Jumatatu inayofuata anasimama mstarini na kutangaza kwamba zama zimebadilika. Fimbo zinakatwa, vijana watano wanaitwa mbele, wazazi wanapelekewa barua. Mwezi wa kwanza shule inatulia. Ikifika mwezi wa tatu imerudi palepale ilipokuwa, tena safari hii wanafunzi wameshajua kikomo cha mkuu mpya.

Ninayoandika hapa ni kwa wakuu wa shule, walimu wa nidhamu, walimu wa malezi na wajumbe wa bodi za sekondari za kata hapa Tanzania, hasa zile za kutwa. Nyingi zilijengwa kwa haraka kuanzia mwaka 2006 kwa nguvu za wananchi. Ada ilipofutwa Januari 2016, Kidato cha Kwanza kikafurika. Madarasa yaliyopangiwa watoto 40 yakabeba 70 na zaidi, na walimu wa hisabati na fizikia wakabaki wa kuhesabika kwa vidole. Katika shule ya namna hiyo tabia ya wanafunzi inafuata mpangilio wa watu wazima kwa karibu sana kuliko tunavyopenda kukiri. Fujo ina saa yake na mahali pake, na ukipajua mahali hapo unaweza kuparekebisha bila kumgusa mtoto.

Daftari la wiki mbili

Kabla ya kubadili lolote, nunua daftari moja la kaunta na ulipige mistari ya safu tano: siku, saa, mahali, kilichotokea, na mtu mzima aliyepaswa kuwa pale. Jina la mwanafunzi lisiandikwe kwenye daftari hili. Makosa ya mtu mmojammoja yana kitabu chake, na ukiweka majina hapa kila mwalimu atasoma majina tu na kuacha safu nyingine. Mwalimu wa zamu analijaza kwa siku kumi za shule, kila tukio mstari mmoja: ugomvi, kioo kuvunjwa, darasa kupiga kelele, kundi kukutwa nje ya uzio, mwalimu kutukanwa, mwanafunzi kupigwa na mwenzake.

Baada ya siku kumi kaeni walimu wote na daftari hilo, mkalihesabu kwa saa na kwa mahali. Kwa kawaida matukio hayatawanyiki shule nzima, yanajikusanya sehemu tatu au nne: eneo la vyoo wakati wa mapumziko, darasa lisilo na mwalimu, njia ya kutoka getini saa za mwisho, na foleni ya chakula kama shule inapika. Tazameni sana safu ya tano. Mara nyingi imeandikwa jina la mwalimu ambaye hakuwepo, au imeachwa wazi kwa sababu hakuna aliyepangwa. Hapo kikao huwa kigumu. Mkuu anayetaka kufika mbali aanze na jina lake mwenyewe: siku nilizokuwa halmashauri, nani alibaki na shule?

Kipindi kitupu

Hesabu yake ni rahisi. Siku ina vipindi 8 vya dakika 40, wiki ina vipindi 40 kwa mkondo, yaani darasa moja kama Kidato cha Tatu B. Shule ya mikondo 12 ina vipindi 480 kwa wiki. Tuseme kimoja kati ya vitano hakifundishwi, kwa sababu ya upungufu wa walimu, ruhusa, semina, ugonjwa, au mwalimu kukaa ofisini akisahihisha. Hivyo ni vipindi 96, ambavyo ni saa 64 za watoto 50 hadi 70 kukaa ndani ya chumba bila kazi na bila mtu mzima. Hakuna kiranja atakayewatuliza. Wakubwa wanaanza utani, utani unageuka matusi, matusi yanageuka ngumi, wanyonge wanachungulia dirisha na kuondoka. Kesho yake waliopigana wanachapwa na walioondoka wanaandikwa watoro, lakini kipindi kitupu chenyewe hakiandikwi popote.

Kwa hiyo jonali ya darasa, yaani daftari la kusaini vipindi vilivyofundishwa, irudishwe kazini. Monita anaiweka mezani, mwalimu anasaini baada ya kufundisha, na makamu mkuu anaikusanya kila Ijumaa na kuhesabu vipindi visivyosainiwa kwa kila mkondo. Jonali huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni mwalimu kusaini vipindi vitatu kwa mkupuo siku ya Ijumaa. Ya pili ni monita kuogopa kuacha nafasi wazi kwa sababu aliwahi kugombezwa kwa kufanya hivyo. Dawa ya yote mawili ni makamu mkuu kupita madarasani mara mbili kwa siku, kwa saa zisizotabirika, na kuweka alama yake ndogo ya penseli kwenye kipindi alichokiona. Mtoto asiachiwe kazi ya kumchongea mwalimu wake.

Kisha kiwepo cha kujazia. Kila idara iandae bahasha ya akiba kwa kila kidato, yenye kazi kumi za dakika 40 ambazo mwanafunzi anaweza kuzifanya bila mwalimu: maswali ya mada zilizopita, kifungu cha kusoma na maswali yake, ramani ya kuchora. Bahasha zikae kwa mtaaluma, yaani mwalimu wa taaluma. Kengele ikilia na mwalimu asipotokea ndani ya dakika tano, monita anaenda kwa mtaaluma, anachukua kazi moja na kuiandika ubaoni. Daftari zinakusanywa mwisho wa kipindi. Hapa ndipo mpango mwingi hufa: kazi zikikusanywa bila kusahihishwa, wanafunzi wanaligundua hilo ndani ya wiki mbili na wanaacha kuzifanya. Si lazima kusahihisha zote. Mwalimu wa somo akirudi achukue daftari kumi tu, azisahihishe, azirudishe mbele ya darasa.

Kwa somo lisilo na mwalimu kabisa, afadhali kuunganisha mikondo miwili chini ya mwalimu mmoja kwenye ukumbi au chini ya mwembe kuliko kuacha mkondo mmoja ukae bure muhula mzima. Vipindi vilivyobaki bila ufumbuzi visogezwe mwisho wa siku, na vigeuzwe rasmi kuwa muda wa kujisomea wenye msimamizi mmoja kwa mikondo miwili iliyo jirani. Kipindi kitupu kilichoandikwa kwenye ratiba kina msimamizi anayejulikana, na kikiharibika unajua wa kumuuliza.

Getini

Shule nyingi humpokea mchelewaji kwa kumpigisha magoti kwenye kokoto, kisha kumpa eneo la kufyeka hadi saa tatu. Fikiria anachojifunza. Akifika saa mbili na robo anakosa kipindi cha kwanza na cha pili, anachafuka, na anaingia darasani akichekwa. Asipofika kabisa, anakosa siku moja na haulizwi hadi Ijumaa. Mtoto wa miaka 15 anapiga hesabu hiyo haraka sana. Utoro mwingi wa rejareja tunautengeneza wenyewe pale getini.

Kufika shule kunaanza saa 1:10 asubuhi, na mkuu au makamu awe amesimama getini kuanzia saa hiyo hadi saa 1:30. Asishike fimbo. Kazi yake ni kusalimia, kutazama nyuso, na kuita majina anayoyakumbuka. Kwa dakika 20 hizo unaweza kumwona aliyelia njiani, aliyevimba jicho, asiye na sweta siku ya baridi, na binti anayeteremshwa na bodaboda yuleyule kila siku. Ukimwona huyo wa mwisho, mwalimu wa malezi ajulishwe siku hiyohiyo. Anakokaa ni mbali, nauli hana, na anayembeba bure ana anachokitaka.

Baada ya saa 1:30 mwalimu wa zamu anabaki na daftari la wachelewaji. Mazungumzo yake yawe mafupi:

"Shikamoo mwalimu."
"Marahaba. Umetokea kitongoji gani?"
"Cha juu kule, mwalimu. Nilimpeleka kwanza mdogo wangu kwa bibi."
"Haya, andika jina. Kipindi kimeanza, nenda darasani. Saa saba na dakika hamsini tuonane."

Imechukua dakika moja, na mtoto amewahi somo. Muda alioupoteza anaufidia baada ya masomo, kwa dakika 20 za kazi au za kujisomea chini ya uangalizi. Akiandikwa mara tatu ndani ya wiki mbili, mwalimu wa darasa anakaa naye kutafuta sababu. Sababu nyingi zinajulikana: umbali, maji ya kuchota, wadogo wa kuhudumia, kibarua cha alfajiri. Baadhi zinatatulika kwa mazungumzo na mzazi, nyingine kwa mtoto kupewa ruhusa ya kudumu ya kuingia saa mbili kamili. Ruhusa hiyo si upendeleo. Anayetembea kilomita saba hawezi kupimwa kwa saa ileile ya anayekaa jirani na uwanja wa shule.

Kwa asiyefika kabisa, siku ndizo zinazoamua. Siku ya kwanza monita anaripoti. Siku ya pili mwalimu wa darasa anawauliza watoto wa kitongoji kimoja naye. Siku ya tatu anapigiwa mzazi. Siku ya tano taarifa inafika kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa na Mtendaji wa Kata. Ukisubiri wiki tatu, mvulana ameshaanza kuzoea hela ya machimbo au ya kubeba mizigo sokoni, na kumrudisha ni kazi nyingine kabisa. Namba za simu ndizo zinazokwamisha mpango huu. Ile iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga huwa ni ya jirani, au laini ilishapotea. Kila Januari na kila Julai, mwalimu wa darasa akusanye upya namba mbili kwa kila mtoto, jina la kitongoji, na jina la balozi wa nyumba kumi.

Tundu nne, wasichana mia tatu

Mwongozo wa serikali wa vyoo vya shule unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 300 inahitaji matundu 15. Sasa chukua shule yenye manne. Mapumziko ni dakika 30, na kila mmoja akitumia dakika tatu, tundu moja linahudumia watoto 10, manne yanahudumia 40. Wasichana 260 hawajafikiwa kengele inapolia. Wengine wanarudi darasani wakiwa wamebanwa, wengine wanajificha vichakani, wengine wanaingia kipindi cha tano wakiwa wamechelewa dakika kumi na wanapokelewa kwa fimbo. Kwenye daftari la nidhamu panaandikwa "uchelewaji wa makusudi".

Ujenzi wa choo unachukua muda na fedha, ila kuna linalowezekana wiki hii. Mapumziko yagawanywe mawili, Kidato cha Kwanza na cha Pili kwanza, kisha cha Tatu na cha Nne, tofauti ya dakika 30 kwenye ratiba. Foleni inapungua kwa nusu bila kuongeza tofali hata moja, na wakubwa wanaacha kuwasukuma wadogo. Milango iwe na komeo la ndani. Pawepo ndoo yenye bomba na sabuni ya unga iliyoyeyushwa kwenye chupa, na chumba kimoja chenye maji ndani kwa ajili ya hedhi, chenye pedi za akiba mikononi mwa mwalimu wa kike ambaye haulizi maswali mbele za watu. Msichana asiyekuwa na mahali pa kubadilisha hukosa siku kadhaa kila mwezi, na rekodi zetu humwita mtoro. Mwalimu mmoja wa zamu asimame umbali wa hatua ishirini hivi na eneo la vyoo, aonekane bila kuwachungulia. Pale ndipo uonevu mwingi unafanyika, na ndipo wadogo hunyang'anywa hela ya andazi.

Njaa nayo ina saa zake. Aliyeondoka nyumbani saa 11:30 alfajiri bila kula, akatoka masomoni saa 7:50 mchana, amekaa zaidi ya saa nane na tumbo tupu. Kipindi cha saba na cha nane vitakuwa na kelele hata kwa mwalimu hodari. Kwa makande, gramu 150 za mahindi na gramu 50 za maharage zinamtosha mwanafunzi mmoja kwa siku. Kwa muhula wa siku 97 ni kama kilo 15 za mahindi na kilo 5 za maharage kwa kila mtoto, na shule ya watoto 600 inapika karibu gunia moja la mahindi kila siku. Wazazi wengi wanaweza kutoa kwa nafaka hata pale wanaposhindwa kutoa fedha, hasa makubaliano yakifanyika mwezi wa mavuno na si Januari. Mchango upitie mkutano wa wazazi na taratibu za kibali, na vipimo vya kila siku vibandikwe ukutani jikoni. Na asiwepo mtoto wa kusimama pembeni akitazama wenzake wakila kwa sababu kwao hawajachangia. Deni ni la mzazi, lidaiwe kwa mzazi. Mtoto aliyetazamishwa sahani ya mwenzake kwa muhula mzima hatakusikiliza ukimweleza habari za nidhamu.

Fimbo

Sheria yenyewe wengi hatuisomi. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu hiyo kwa makosa makubwa tu, visizidi vinne kwa tukio moja. Anayetoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana anachapwa na mwalimu wa kike kama yupo, na kila tukio linaandikwa kwenye kitabu maalumu. Linganisha na hali halisi: kila mwalimu na fimbo yake, darasa zima kuchapwa kwa kelele za watatu, kuchapwa kwa kushindwa swali, kitabu hakipo. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wasichana na wavulana walipigwa ngumi, mateke au viboko na mwalimu kabla ya kufikisha miaka 18. Hatuwezi kulaumu vijana kutatua mambo yao kwa ngumi wakati somo hilo tunawafundisha kila siku.

Msimamo wangu ni kwamba fimbo iondoke kabisa. Lakini nimeona shule zikiiondoa vibaya, na nataka tusirudie. Tangazo linatolewa Jumatatu, hakuna kilichoandaliwa mahali pake. Wiki ya pili na ya tatu wanafunzi wanapima kina cha maji, kelele zinaongezeka, mwalimu mmoja anajibiwa jeuri, na ofisini inasikika "si mliona?" Wiki ya nne fimbo imerudi, na safari hii ina hasira. Wengine wanaibadilisha kwa kung'oa visiki, kuchimba shimo la taka na kubeba mawe, kisha wanaziita adhabu mbadala. Mtoto bado anadhalilishwa, ila kwa jembe.

Iandaliwe hivi. Kwanza kanuni ziwe chache, tano au sita, kwa Kiswahili, zilizoandikwa pamoja na wanafunzi na kubandikwa kila darasa. Kidato cha Kwanza bado wanahangaika na Kiingereza, na orodha ya makosa 40 kwa lugha wasiyoielewa haimsaidii mtu. (Kwa hilohilo, acheni kumvisha kibao mtoto aliyezungumza Kiswahili. Matokeo yake ni darasa lisilouliza swali, na darasa lisilouliza swali linachoka na kuanza fujo.) Pili, ngazi ziwe wazi: mwalimu anamwambia mtoto faragha, likirudiwa anahamishwa kiti na kuandikwa, mara ya tatu anakaa na mwalimu wa darasa baada ya masomo, kisha mzazi anaitwa, kisha mwalimu wa malezi na kamati ya nidhamu. Tatu, kosa lilipwe kwa kurekebisha kilichoharibiwa. Aliyevunja dawati analipigilia pamoja na fundi, aliyechora ukuta anaupaka rangi, waliopigana wanakalishwa mmojammoja kwanza, kisha pamoja, kwa maswali yaleyale: nini kilitokea, nani ameumia, nini kifanyike ili kesho mkae darasa moja. Dakika 20 zinatosha. Msiwakutanishe siku hiyohiyo damu ikiwa bado inachemka.

Nne, na hili ndilo husahaulika, walimu wajifunze kuendesha darasa: kusimama mlangoni wanafunzi wakiingia, kuwa na swali ubaoni kabla hawajakaa, kutembea kati ya madawati, kunyamaza badala ya kupandisha sauti, kumtaja anayefanya vizuri kwa jina. Hayo hujifunzwa kwa kumtazama mwenzako akifundisha dakika 20 kwa wiki, na kila shule ina walimu wawili watatu ambao madarasa yao hutulia bila fimbo. Wapo, ila hatuwaulizi wanafanyaje.

Uganda, wilayani Luwero, shule 42 za msingi zilifanyiwa utafiti wa mpango wa shirika la Raising Voices unaobadili mahusiano ya walimu na wanafunzi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa baada ya miezi 18, hatari ya mtoto kupigwa na mtumishi wa shule katika wiki moja ilipungua kwa asilimia 42. Imepungua, haijaisha. Anayekuahidi kumaliza kwa muhula mmoja hajui kazi.

Sanduku la maoni na nani ana ufunguo

Shule nyingi zina sanduku la mbao ukutani lenye kufuli na vumbi. Likifunguliwa kuna vikaratasi viwili vya matusi. Sababu haihitaji mganga: ufunguo anao mwalimu wa nidhamu, na muhula uliopita alichukua kikaratasi akazunguka nacho madarasani akilinganisha miandiko. Habari hiyo ilifika shule nzima kabla ya mapumziko.

Sanduku lenye kazi lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao mwalimu wa malezi, wa pili anao mwanafunzi aliyechaguliwa na wenzake. Linafunguliwa kila Ijumaa, wote wawili wakiwepo. Yanayohusu shule yanajibiwa mbele ya wote kwenye baraza la kila mwezi: hili tumefanya, hili tutafanya tarehe fulani, hili hatuwezi na sababu ni hii. Jibu la "hatuwezi" lenye sababu linaheshimiwa kuliko ukimya. Yanayomtaja mtu mzima kwa kumgusa au kumtaka mwanafunzi hayasomwi barazani na hayamalizwi kwenye kikao cha walimu. Yanaenda kwa mkuu wa shule, afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto polisi siku hiyohiyo. Namba 116 ya msaada kwa watoto iandikwe ukutani kwa maandishi makubwa. Shule ikizika jambo moja la namna hiyo, haitapata tena kikaratasi cha maana kutoka kwa msichana yeyote.

Mwalimu wa malezi naye apunguziwe vipindi. Mwenye vipindi 28 kwa wiki hana muda wa kumsikiliza mtu. Apewe chumba, hata stoo iliyosafishwa, yenye viti viwili na mlango usiotazamana na ofisi ya walimu. Asiwe mwalimu wa nidhamu wakati huohuo. Mtoto hawezi kumweleza siri yule atakayemwadhibu kwa siri hiyo.

Viranja wachaguliwe kwa kura na wanyang'anywe mamlaka ya kuadhibu. Kazi zao ziwe za kueleweka: jonali, foleni ya chakula, maji ya kunawa, mapokezi ya Kidato cha Kwanza. Kiranja mwenye fimbo anatengeneza maadui ambao watamsubiri njiani.

Wazazi nitawagusa kidogo tu. Kama barua ya shule kila inapofika ni ya mchango au ya kosa, wataacha kuja. Kila mwalimu wa darasa atume jumbe fupi tano kwa wiki zenye habari njema: "Mama Neema, mwanao wiki hii amewahi siku zote tano." Mzazi aliyepokea ujumbe huo mwezi wa pili atakuja mwezi wa sita ukimwita kwa jambo zito.

Msianze yote kwa pamoja. Wiki mbili za kwanza ni daftari. Wiki ya tatu hadi ya sita ni jonali, bahasha za akiba, geti na mapumziko mawili. Kanuni, ngazi za nidhamu na mafunzo ya walimu vinafuata, na fimbo inawekwa chini baada ya hivyo kuwepo, kwa tarehe iliyokubaliwa na walimu wote. Wiki ya 12 lifungueni tena daftari la safu tano kwa siku kumi nyingine, mlilinganishe na lile la kwanza, saa kwa saa, mahali kwa mahali. Mkiona tukio limehama kutoka vyooni kwenda nyuma ya maabara, hamisheni mtu wa zamu.

Wakuu wa shule huhamishwa, mara nyingine katikati ya muhula. Siku ya makabidhiano zinaandikwa funguo, mihuri, vitabu vya stakabadhi, viti na meza. Ongezeni kwenye orodha hiyo madaftari mawili ya safu tano, jonali za muhula, na ufunguo wa sanduku wenye jina la mwanafunzi anayeshika wa pili, na anayepokea asaini kwamba amevisoma.